Walimpigia makofi, kisha wakaondoka

Jumapili yake ya kwanza mjini Songea, mama huyo alisimama wakati wa matangazo, kama wageni wote wanavyoombwa kusimama. Mgongoni alikuwa na mtoto wa miezi minne. Akataja jina, akasema ametoka Mwanza, mume amehamishiwa huku kikazi. Kanisa zima likapiga makofi. Akaketi.

Misa ilipokwisha watu walimiminika nje kwenye mnada: kuku wawili, mkungu wa ndizi, debe la mahindi. Alisimama kando ya ukuta dakika kama 20, akimfunika mtoto kwa kanga, maana baridi ya Juni ya Songea watu wa Mwanza hawajaizoea. Waliompita walitabasamu. Mmoja alimuuliza kama ana barua kutoka parokia yake ya zamani, na kama ameshajiandikisha kwenye jumuiya. Ni swali la haki. Bila jumuiya hata ubatizo wa mtoto unaweza kukwama. Lakini likiwa ndilo la kwanza na la mwisho, linafanana na swali la dirishani ofisini.

Ikawa hivyo Jumapili nne.

Kisha usiku mmoja mtoto akachemka. Baba alikuwa safarini Tunduru. Mtoto wa umri huo akipata homa hasubirishwi hadi asubuhi wala hapewi dawa ya kubahatisha. Anapelekwa kituoni apimwe malaria na kuangaliwa anavyopumua. Hilo alilijua. Asilolijua ni nani wa kumpigia simu. Namba alizokuwa nazo za Songea zilikuwa mbili, ya mume na ya mwenye nyumba, ambaye hakupokea. Akambeba mtoto hadi barabarani, akapata bodaboda.

Kwenye foleni, bibi mmoja aliyevaa kitenge cha WAWATA, aliyekuwa akimuuguza mjukuu, alimtazama sana.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Wewe si yule mgeni wa Mwanza?"

"Ndiye mimi."

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu."

Bibi akanyamaza. "Na tulikupigia makofi," akasema.

Alimpakata mtoto huku mama akiandikisha. Asubuhi akarudi na chupa ya uji. Ilikuwa malaria, mtoto akatibiwa, akapona.

Songea haikosi wa kuiga. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na kanuni wanayoifuata, ya karne ya 6, ina sura nzima ya kupokea wageni. Inataka mgeni apokelewe kama Kristo mwenyewe, lakini haiishii hapo. Inataja jiko la wageni, kwa kuwa wageni hufika saa yoyote, na inataka mtu maalumu wa kuangalia chumba chao, vitanda viwe tayari. Mahali pengine inamweka mzee mlangoni, awe karibu kila anapobisha mtu. Mtakatifu Benedikto hakuyaacha mambo haya kwa tabasamu.

Katika jumuiya bibi alisimulia usiku ule bila kumlaumu mtu. Wakakubaliana kwamba mgeni akisimama kanisani, wawili wamfuate nje kabla ya mnada, wajue anakaa mtaa gani, wambebee namba zao. Kadi na michango vitafuata. Mzee mmoja aliuliza kuhusu matapeli, na hakukosea: kumkaribisha mgeni si kumkabidhi watoto wala ufunguo wa nyumba. Ndiyo maana wanaenda wawili.

Septemba ilisimama familia nyingine, baba, mama na watoto watatu kutoka Kigoma. Makofi yalipokwisha, yule wa Mwanza alikuwa ameshatoka kwenye benchi, mtoto mgongoni, bibi nyuma yake.

"Karibuni. Mnakaa Lizaboni au Bombambili?" akauliza, akitoa simu. "Nitajie namba, dada, nikubipu."