Kung Fu na Waislamu wa Cangzhou

Wazazi wa madrasa yetu wametuuliza mara nyingi: je, yafaa mtoto wa Kiislamu kujifunza michezo ya kupigana ya Kichina, iitwayo kung fu, na ambayo Wachina wenyewe huiita wushu? Wengine huuliza kwa hasira, kwani wamekwisha amini kwamba huo ni mlango wa kuabudu masanamu. Sisi twaona haifai kujibu kabla ya kuijua asili ya jambo lenyewe, na asili yake, ndugu msomaji, ina mambo ambayo wengi hawayatazamii.

Tulikua katika mwambao huu wakati filamu za Hong Kong zilipojaa katika nyumba za sinema, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuliona watu wakiruka juu ya mapaa kama kunguru, na mtu mmoja akiangusha arubaini kwa fimbo. Kesho yake vichochoro vilijaa watoto wakipigana mateke, na mmoja wa rika letu alivunjika mkono kwa kujirusha kutoka ukutani. Hiyo ndiyo kung fu waijuayo wazazi wengi, wala si ajabu wakiichukia.

Lakini katika jimbo la Hebei, kusini ya Beijing, uko mji uitwao Cangzhou, ukingoni mwa Mfereji Mkuu ambao zamani ulipitisha nafaka na bidhaa kwenda kaskazini. Penye mali hapakosi wanyang'anyi, basi wafanya biashara waliajiri walinzi, mabingwa wa mkuki na kitara. Yasemwa kwamba walinzi hao walizoea kupiga ukelele wa kujitangaza kila mji waupitao, ila walipofika Cangzhou walinyamaza kimya, kwa kuwastahi wenyeji. Na miongoni mwa wenyeji hao ni Waislamu, watu wa kabila la Hui, wenye misikiti yao tangu zamani za ufalme wa Ming. Huko Mengcun, jirani ya mji huo, ndiko ulikokulia mtindo uitwao bajiquan, na mwalimu wake wa kwanza ahesabiwaye ni Mwislamu wa karne ya 18, Wu Zhong, aliyesifika khasa kwa mkuki. Uko pia mtindo wa tantui, wa mateke ya chini yaendayo kwa safu, ambao Wahui wameuhifadhi katika safu kumi. Chama cha Jingwu, kilichoanzishwa Shanghai mwaka 1910, kiliifanya tantui kuwa miongoni mwa masomo yake ya msingi, na matawi yake yakaieneza mpaka Malaya na Singapore. Leo wako watu wa kila dini, katika kila bara, wanaoanza kujifunza teke kwa safu walizozihifadhi watu wenye Kibla kimoja nasi.

Tuseme na khabari za silaha, maana ndizo ziwatishazo akina mama. Mwanafunzi hakabidhiwi upanga siku ya kwanza. Kwanza husimama tu, magoti yamekunjwa kama aliyepanda farasi, mpaka mapaja yatetemeke. Kisha hupewa fimbo, itokanayo na mti mweupe upindikao bila kuvunjika. Hufuata kitara chenye makali upande mmoja, kisha mkuki. Chini ya chembe ya mkuki hufungwa kishada cha nyuzi nyekundu. Mgeni hudhani ni pambo, kumbe huyababaisha macho ya adui, na huzuia damu isitiririke mpaka mkononi ikauteleza mkuki. Upanga mwembamba wa makali mawili huja mwisho. Wenyewe husema: siku mia kwa kitara, siku elfu kwa mkuki, siku elfu kumi kwa upanga, nazo hizo ni zaidi ya miaka 27. Sisi tufundishao watoto alifu na bee twaielewa hesabu hiyo. (Silaha za mashindano ya siku hizi ni bati jembamba lenye kulia likitikiswa, kwa macho yetu hazina haiba.) Wala fimbo si kitu kigeni huku kwetu, kwani wazee wetu walicheza kirumbizi maarusini, na mtu alifunzwa kukinga kabla ya kupiga.

Upo upande mmoja ambao haustahili kufichwa. Mwaka 1900 maelfu ya vijana wa kaskazini ya China, waliofanya mazoezi ya namna hii, waliamini kwamba kwa uganga na maneno ya kunuiza risasi hazitawaingia. Zikawaingia. Miaka mitano baadaye, katika nchi iitwayo leo Tanzania, watu wa Maji Maji waliamini yayo hayo, wakapatwa na yayo hayo. Mwalimu yeyote wa mchezo anayemuahidi kijana hirizi badala ya jasho, na akimbiwe.

Mwezi uliopita mzee mmoja alitujia akasema, "Maalim, mwanangu anainamia picha za Wachina. Namtoa." Tukamwita kijana. Akasema kwa adabu, "Baba, mwalimu tunamwamkia kwa kusimama, ngumi ya kulia katika kitanga cha kushoto. Picha haipo." Akatuonyesha. Tukamwambia mzee kwamba maamkizi si sujudi. Ila siku atakapoambiwa kijana achome ubani mbele ya sanamu, siku hiyo aage. Tulilolikataa sisi ni jingine: mazoezi yalikuwa yakiuvuka wakati wa Magharibi. Mwalimu wao, ambaye si Mwislamu, alipoelezwa alisogeza saa bila ya ubishi. Mzee akaenda kutazama, akakaa mpaka mwisho, na aliporudi alituuliza kama Waislamu hao wa China wako hata leo.

Tulimsimulia Wang Ziping, Mhui wa Cangzhou, aliyezaliwa mwaka 1881 na kufariki mwaka 1973. Alifundisha katika chuo kikuu cha michezo hii kilichofunguliwa Nanjing mwaka 1928, akawa pia tabibu wa kuunga mifupa, na mwaka 1960, umri wake karibu miaka 80, alifuatana na Waziri Mkuu Zhou Enlai kwenda Burma pamoja na wanamichezo. Elimu yake hakuwaachia wanaume peke yao. Binti yake, Wang Jurong, alikuwa mwalimu wa wushu katika vyuo vya Shanghai, na uzeeni akafundisha Marekani.

Khabari hiyo imefika nyumbani kwa mzee, na mkewe ametuomba tuwatafutie mabinti zake wawili mwalimu wa kike. Bado twamtafuta.