Arusi za Desemba katika Njia ya Kajiado

Mtu atokaye Nairobi, akaiacha njia kuu ya Mombasa pale Athi River na kushika njia ya Namanga, haendi mbali kabla ya kuingia mji wa Kitengela. Mbele yake ni Isinya, na baada ya Isinya ni Kajiado, mji ulio makao makuu ya kaunti yenye jina hilo hilo. Toka Kitengela hata Kajiado ni mwendo wa kilometa 50 hivi. Miezi mingine njia hii ni ya malori yaendayo mpaka wa Tanzania. Lakini Desemba ifikapo, kila Jumamosi hupita misafara ya magari yaliyopambwa kwa riboni na maua, honi zikilia na wanawake wakipiga vigelegele madirishani. Hizo ndizo arusi za sikukuu.

Huko Ulaya mwezi huu ni wa baridi kali, na aoaye wakati wa Krismasi hukaribisha wageni wake ndani ya nyumba penye moto. Kajiado mambo ni kinyume. Mvua za vuli zikiwa zimenyesha vema, nyasi huwa mbichi, ng'ombe hutoa maziwa, na mbuzi hunona. Shule zimefungwa, na wale waliotawanyika mijini kwa ajili ya kazi hupata ruhusa ya kurudi kwao. Basi kati ya Sikukuu ya Jamhuri, tarehe 12, na Mwaka Mpya, jamaa wote huweza kukusanyika bila mtu yeyote kutoa udhuru.

Asubuhi arusi nyingi huanza kanisani. Bibi arusi huvaa gauni jeupe, na bwana arusi suti iliyopigwa pasi. Baadaye wote wawili huonekana wamebadili mavazi: mashuka mekundu na mikufu mipana ya shanga iliyotungwa na mama na shangazi. Hema husimamishwa uwanjani. Wapishi hugawa pilau, chapati na nyama choma, na vijana waruka juu kwa zamu huku wenzao wakiimba. Kitengela ni mji wa makabila mengi, kwa hiyo si ajabu mchumba mmoja kuwa Mmasai na mwenzake Mkamba au Mkikuyu, na wazee wa pande mbili kufundishana desturi palepale.

Lakini kiini cha arusi ya Kimasai hakimo hemani. Kimo katika mwendo wa bibi arusi. Kabla hajatoka kwao, wazee humbariki kwa maziwa na nyasi, kwa kuwa nyasi ni alama ya amani, na pasipo nyasi hapana ng'ombe. Akiisha kuondoka, haruhusiwi kutazama nyuma. Watu wa zamani walisema kwamba atazamaye nyuma atageuka jiwe. Zamani alikwenda kwa miguu, polepole sana. Siku hizi hupanda gari, lakini hata ndani ya gari huinamisha uso.

Afikapo penye lango la boma la mumewe, husimama wala haingii. Hapo ndipo wakwe zake hutokea mmoja mmoja na kumwahidi mifugo: huyu mtamba, yule kondoo. Akiridhika, huinua mguu. Ahadi hizo si mzaha. Kwa desturi ya Wamasai, mtu aliyepewa ng'ombe na yule aliyempa huitana Pakiteng, na waliopeana kondoo huitana Paker. Mnyama aweza kufa, lakini jina hubaki midomoni mwao.

Tatizo la leo liko katika lango lenyewe. Chini ya sheria ya mwaka 1968, sehemu kubwa ya nchi hii ilimilikiwa na vikundi vya wafugaji kwa pamoja. Mwaka 1988 shamba la kikundi la Kitengela liligawanywa, kila mwanachama akapata sehemu yake na hati yake. Viwanda vya Athi River vilivuta wafanya kazi, wafanya kazi wakatafuta nyumba, na ekari zikauzwa kuwa viwanja. Mahali walipopita ng'ombe na punda-milia sasa pana seng'enge na kuta za mawe. Tena ukame wa mwaka 2009, na ule uliokuwapo mwaka 2022, uliua mifugo mingi.

Hivyo baba mwenye kijana wa kuoa hujikuta katika mashaka. Mahema, magari, mpiga picha na keki vyataka fedha, na fedha ya haraka ni ile ya kuuza ekari. Karamu hupendeza, wageni husifu, kisha Januari bibi arusi huuliza atamlisha wapi yule mtamba aliyeahidiwa langoni.

Yafaa wachumba na wazee wao wajue kwamba sheria haiwalazimishi kujifilisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 yasema kwamba, pale desturi inapodai mahari, kutoa kiasi kidogo tu kama ishara kwatosha kuthibitisha ndoa ya kimila. Ndoa hiyo pia huandikishwa, na wote wawili sharti wawe wametimiza miaka 18. Tena, kwa sheria ya mwaka 2013, mume hawezi kuuza mali ya ndoa bila kibali cha mkewe, wala mke bila kibali cha mumewe. Basi yule anayesimama langoni akingoja ahadi anayo sauti hata baada ya kuingia.

Wako wazee wenye busara ambao hupunguza hema moja, huacha gari la kukodi, na kuitunza ile ekari yenye kisima. Arusi zao hazipungukiwi na vigelegele. Jua likitua nyuma ya vilima, wageni hurudi Kitengela wakiimba, na ng'ombe wa bibi arusi hulala bomani wameshiba. Wahenga walisema kwamba ahadi ni deni. Na deni la ng'ombe hulipwa kwa nyasi.