Herufi Moja Nusura Iniponze

Je, umewahi kupokea karatasi kutoka maabara, ukaitazama tarakimu tu, ukaikunja na kuitia mkobani? Mimi nilifanya hivyo, na nusura nimpoteze kitinda mimba wangu.

Ilikuwa Julai 2022, wakati baridi ya Eldoret humwingia mtu hadi mifupani. Mtoto alikuwa na homa kwa siku ya tatu, akikohoa. Nilidhani ni malaria, nikanunua dawa dukani, ingawa mji wetu uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mbu wake si kama wale wa Kisumu. Katika kliniki moja ya mtaani, damu haikuonyesha viini vya malaria. Daktari akaagiza kipimo kingine, CRP. Karatasi iliporudi, yeye alikuwa ameshatoka. Iliandikwa 4.8. Nami nilikuwa nimesikia kwamba chini ya 10 hakuna neno! Nikapanda matatu hadi Langas, roho kwatu.

Usiku uliofuata mtoto alianza kuhema, mbavu zikibonyea kila avutapo pumzi. Jirani yangu, muuguzi mstaafu, aliisogeza karatasi karibu na taa.

"Mwanangu, hii ni miligramu kwa desilita," akasema. "Ile 10 yako ni ya lita. Huyu ana 48. Mfunge mgongoni twende."

Ilikuwa nimonia. Alilazwa, akatibiwa, akapona, na sasa hakuna mti wa jirani asioupanda.

Baadaye nilimwendea fundi mmoja wa maabara anifafanulie. CRP ni protini ambayo ini huimwaga kwa wingi katika damu mwili unaposhambuliwa na viini au kuumia. Waliigundua William Tillett na Thomas Francis mjini New York mwaka 1930, tena katika damu ya wagonjwa wa nimonia, ugonjwa ule ule wa mwanangu! Huanza kupanda baada ya saa chache na kufikia kilele yapata siku mbili. Lakini haisemi moto unawaka wapi; kidonda huipandisha, viungo vilivyovimba huipandisha. Kifua lazima kisikilizwe.

Zipo njia kadhaa za kuipima. Aliyonionyesha huitwa ELISA, iliyotangazwa mwaka 1971 na Eva Engvall na Peter Perlmann wa Stockholm, Uswidi. Kuna kisahani cha plastiki chenye vishimo 96, ndani vimepakwa kingamwili zinazoinasa protini hiyo. Majimaji ya damu huzimuliwa sana, hutiwa humo, kisha huoshwa ili yasiyonaswa yaende zake. Huongezwa kingamwili nyingine iliyobeba kimeng'enya, huoshwa tena, kisha dawa ya kugeuza rangi. Rangi ikikolea, protini ni nyingi. Mashine huilinganisha na vishimo ambavyo kiasi chake kinajulikana.

"Na ukisahau kuzidisha kwa kadiri ulivyozimua?" nikauliza.

Alicheka. "Basi nitakuwa nimefanya ulivyofanya wewe."

Karatasi ile ningali nayo, ndani ya Biblia. Ile "d" ndogo nimeizungushia wino mwekundu.