Jumba Lenye Siri: Neno kwa Mtahiniwa

Mwanafunzi mpendwa, kabla hujayavamia maswali ya mandhari na taharuki, nina neno nawe. Katika kusahihisha karatasi za fasihi nimelikuta jibu hili mara nyingi: mandhari ni jumba kuukuu, lina giza, linatisha. Mtahiniwa huyo ametaja, hajafafanua. Jumba halitishi kwa sababu ya popo na radi. Linatisha kwa kuwa ndani yake mna mtu anayejua jambo ambalo wengine wamekatazwa kulijua.

Mimi hufundisha Donholm, mtaa wa fleti zilizobanana. Msichana mmoja aliwahi kuniuliza, "Mwalimu, hadithi za makasri na mapenzi ya siri si za Wazungu? Sisi wa fleti zinatuhusu nini?" Nilimjibu kwa kisa cha kweli kutoka Unguja.

Kaskazini mwa mji wa Zanzibar, ufuoni, yapo magofu ya Kasri la Mtoni. Humo ndimo alimozaliwa Sayyida Salme mwaka wa 1844, binti wa Sultani Seyyid Said. Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma Kurani, lakini si kuandika. Salme alijifunza kuandika kwa siri. Mwaka wa 1859, Barghash alipokula njama ya kumpindua ndugu yao, Sultani Majid, barua za njama ziliandikwa na msichana huyo. Njama ilishindwa na familia ikagawanyika.

Kisha yakaja mapenzi. Salme alipendana na jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyabiashara Mjerumani, akashika mimba. Mwaka wa 1866 alitoroka kwa manowari ya Waingereza hadi Aden. Huko alibatizwa Emily na kufunga ndoa mwaka uliofuata, kisha wakaenda kuishi Hamburg. Mwaka wa 1870 mumewe alikufa katika ajali ya tramu, akamwachia watoto watatu wadogo. Aliporudi Zanzibar mwaka wa 1885 kudai urithi wake, sultani alikuwa Barghash, yuleyule aliyemwandikia barua. Alikataa kumwona. Mwaka uliofuata, kumbukumbu za Salme zilichapishwa kwa Kijerumani.

Hicho ni kinaya, na mtahiniwa makini hakosi kukiona. Angalia pia kwamba kisa kizima hakina jini wala mzuka. Kina marufuku, siri, mapenzi na urithi. Taharuki yote imetoka humo.

Darasa liligawanyika. Wengine walisema Salme aliwasaliti wazazi na dini. Wengine wakasema hakuachiwa mlango mwingine wa kutokea. Niliwaruhusu wabishane, mradi kila mmoja atoe ithibati. Yule msichana alingoja kelele zitulie, akasema kwa sauti ya chini kwamba hata fleti ya vyumba viwili huwa na jambo lisilotajwa watu wakiwa mezani. Sikumhoji mbele ya wenzake. Nilimtafuta baadaye tukazungumza, na tuliyoyazungumza ni yake.

Tangu siku hiyo huwapa wanafunzi wangu maswali matatu, nawe nakupa. Ukikutana na nyumba katika riwaya au tamthilia yako, kubwa au ndogo, jiulize: Nani ameshika ufunguo? Nani amekatazwa nini? Siri ikifichuka, nani atapoteza, na atapoteza nini? Kila jibu lifuatishe tukio kutoka kitabuni, kisha ueleze linajenga vipi dhamira au mhusika. Hapo utakuwa umefafanua, na msahihishaji hatakuwa na sababu ya kukunyima alama.

Na ikiwa kitabu kitakukumbusha jambo la nyumbani kwenu linalokulemea, usilibebe peke yako. Mtafute mtu mzima unayemwamini, umweleze. Kisha rudi kwenye maswali ya sura hii, uanze na la kwanza.