Kioo hakitaki nguvu

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Sibishani na wahenga, lakini aliyetunga methali hiyo nadhani hakuwahi kulipwa ili aoshe madirisha. Katika kazi hii, ambayo imenilisha mimi na wanangu jijini Nairobi kwa miaka mingi, asiyechagua kifaa huharibu mali ya watu. Somo hilo sikulipata mjini. Nililipata nyumbani Ikutha, kusini mwa Kitui, nikiwa mvulana wa darasa la sita.

Mwaka huo mama alikuwa amemaliza kujenga nyumba ya matofali yenye vyumba viwili. Tangu nizaliwe tulikuwa tumezoea madirisha ya mbao, ambayo ukiyafungua vumbi linaingia na ukiyafunga unakaa gizani. Mama aliuza mbuzi wanne akanunua vioo. Vililetwa kutoka Kibwezi kwa basi, vikiwa vimefungwa kwa magunia, kwenye barabara ambayo siku hizo haikuwa na lami. Kilivunjika kimoja tu, na majirani wakasema mama ana bahati.

Krismasi ilipokaribia, mama alienda sokoni akaniachia kazi ya kusafisha vioo hivyo. Vilikuwa na alama za vidole vya fundi, matone ya rangi na vumbi jekundu. Mimi nilijua namna moja tu ya kusugua kitu, ile ya kusugulia sufuria yenye masizi. Nikachukua waya wa kusugulia, nikauchovya kwenye majivu na mchanga wa mtoni, nikasugua mpaka jasho likanitoka. Saa sita mchana vioo viling'aa nami nikajisifu. Jioni, jua lilipoinama upande wa mto Athi na kuvipiga vioo kwa ubavu, nikaona mikwaruzo mamia kwa mamia, kama kuku waliokuwa wakiparura.

Mama aliporudi alisimama akatazama kwa muda mrefu. Hakunichapa. Alisema tu, "Mwanangu, kioo si sufuria." Afadhali angenichapa.

Msomaji, kosa langu lilikuwa nini hasa? Wataalamu wa mawe hupima ugumu wa vitu kwa ngazi ya 1 hadi 10 iliyotungwa na Mjerumani Friedrich Mohs mwaka 1812. Almasi iko juu kabisa kwenye 10. Kioo cha dirisha kiko kati ya 5 na 6. Punje nyingi za mchanga wa mtoni ni jiwe liitwalo kwatzi, nalo liko kwenye 7. Kilicho kigumu zaidi hukichora kilicho laini. Waya wenyewe pengine ungenisamehe, lakini mchanga ulionasa ndani yake haukuwa na huruma.

Nilipomaliza shule nilikuja Nairobi na kupata kibarua cha kuosha madirisha ya maofisi. Msimamizi wetu alikuwa mzee wa makamo ambaye hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza nilikimbilia ndoo na sponji ili nionyeshe bidii. Akanizuia kwa mkono. "Kijana, kabla hujashika kifaa, niambie huu ni uchafu gani."

Swali hilo ndilo kazi yote. Mengine ni mazoea tu.

Kama ni vumbi kavu, usianze na maji, na usianze na kusugua. Lipanguse kwanza kwa brashi laini, na pembe za fremu usizisahau, kwa maana humo ndimo mchanga hujificha. Ukilowesha vumbi na kulisugua hapo hapo, umejitengenezea msasa.

Kama ni uchafu wa kawaida wa moshi na mikono, tone chache za sabuni ya maji ya kuoshea vyombo katika ndoo zinatosha. Wengi hutia sabuni ya unga, tena kwa ukarimu, wakidhani povu jingi ndilo usafi. Sabuni ikizidi hubaki juu ya kioo kama utando, na kesho yake vumbi hunata hapo. Paka maji hayo kwa kitambaa laini kilichovikwa kwenye mpini, au kwa sponji isiyo na upande mkali, kisha uyavute kwa kipanguo cha mpira kutoka juu kwenda chini. Kila mvuto ukiisha, futa mpira. Kipanguo hicho chepesi tunachokitumia leo kilitengenezwa na Mwitaliano aliyehamia Marekani, Ettore Steccone, huko Oakland, California, mwaka 1936. Naye alikuwa muosha madirisha kama mimi. Mpini unaweza kudumu miaka, lakini mpira ukikatika kidogo tu ubadilishe, kwa sababu kila pengo huacha mstari.

Kama ni gundi ya karatasi au stika, spiriti kidogo kwenye tambara huilainisha. Kama ni tone la rangi lililokauka, lowesha kioo kwanza, kisha tumia wembe mpya wenye mpini, ukiusukuma upande mmoja tu bila kuurudisha nyuma. Kioo kilichokaangwa kwa moto ili kiwe imara, kama cha milango ya maduka, usikiguse kwa wembe kabla hujaulizia. Kile chenye karatasi nyeusi ya kuzuia jua hakitaki wembe, hakitaki waya, wala hakitaki dawa yenye amonia.

Kama ni madoa meupe ya maji, sabuni haifui dafu. Hayo ni madini, hasa kalisi, na dawa yake ni siki au maji ya limau. Lowesha, ngoja dakika chache, panguza, suuza. Dawa kali ya choo usiisogeze hapo, maana mvuke wake hudhuru mapafu na matone yake hula fremu za alumini.

Na hili nawaomba wazazi mlikazie hata kwa wafanyakazi wa nyumbani: Jik isichanganywe kamwe na siki, wala na dawa yenye amonia, wala na dawa ya choo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoweza kumuua mtu katika chumba kidogo. Dawa mbili hazisafishi mara mbili.

Baada ya miaka kadhaa nilijiona nimehitimu. Nikaenda Ikutha mwezi wa Septemba na vifaa vyangu vyote begani ili nilipe deni la utotoni. Nilimkuta mama ameketi mlangoni.

"Mwaitu," nikamwambia, "leo madirisha yako ataosha fundi."

Nilipanguza vumbi kwa brashi. Nilichota maji katika mitungi iliyoletwa na punda kutoka kisimani, nikaosha, nikavuta mpira kama ninavyofanya katika ghorofa za mjini. Kazi ilipendeza. Lakini pembeni ambako mpira haufiki, na kila mahali palipobaki tone, maji yalipokauka yaliacha madoa meupe. Nikarudia. Madoa yakarudi. Jua lilikuwa kali, na maji yalikauka kabla sijayafikia.

Mama alicheka. "Hayo ni maji ya chumvi. Hata chai huyajua."

Nilikuwa nimesahau kwamba maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi na madini tele. Nilikuwa nimechagua brashi, nikachagua sabuni, nikachagua mpira, lakini maji sikuyachagua. Mama aliinuka akaenda kwenye tangi lake la kukinga maji ya paa, akanichotea jagi moja la maji ya mvua. Nilikataa. Mvua za Novemba zilikuwa mbali na hayo ndiyo yalikuwa maji yake ya kunywa.

"Chukua," akasema. "Nami nataka kuona ni nani anayekuja njiani."

Tulingoja mpaka kivuli kikafika ukutani. Madoa niliyatoa kwa limau, kisha maji ya chumvi nikayatumia kuoshea mara ya kwanza, na yale ya mvua nikayatunza kwa suuza ya mwisho tu. Jagi moja lilitosha madirisha yote na kikombe kikabaki. Vioo vilikauka bila doa, kwa sababu maji ya mvua hayana madini ya kuacha nyuma. Leo kampuni kubwa za kuosha maghorofa hununua mitambo ya kuchuja madini ili kupata maji kama hayo ambayo mama aliyakinga kwa mabati.

Jioni ile jua lilipoinama, mikwaruzo ya utotoni ikajitokeza tena, yote ikiwa mahali pake. Hakuna dawa inayoiondoa mikwaruzo kama ile. Nilimwambia mama nitamnunulia vioo vipya kabla ya Krismasi.

"Viache," akasema. "Nikiiona hiyo, najua saa kumi na moja imefika, niwashe moto."