Jangwa Mlangoni mwa Jiji

Iwapo masomo au safari itakufikisha Phoenix, katika jimbo la Arizona huko Marekani, usijifungie ndani na kiyoyozi ukadhani jangwa ni la kutazamwa dirishani. Kusini mwa jiji hilo ipo South Mountain Park, ekari zaidi ya 16,000 za milima mikavu. Ukubwa wake wapita nusu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi, ila huko hukuti simba wala hutozwi kiingilio.

Mnamo 1924 jiji lilinunua sehemu kubwa ya ardhi hiyo kwa dola 17,000, fedha ambazo leo hazingetosha kununua ploti moja hapo jirani! Miaka ya 1930, ajira zilipoadimika, vijana waliajiriwa na serikali kuchonga njia na kujenga vibanda vya mawe. Panda hadi kibanda cha Dobbins Lookout, nawe utaliona jiji zima limetandazwa chini yako mithili ya mkeka.

Njiani utakutana na saguaro, mdungusi mrefu kushinda nyumba. Huchukua miaka 50 au zaidi kabla ya kuota mkono wa kwanza. Ukiuona wenye mikono, uamkie shikamoo. Huenda ni rika la babu yako. Miambani nako imo michoro iliyochongwa na Wahohokam, watu waliochimba mifereji ya maji bondeni humo karne nyingi kabla ya jiji kuwapo.

Lakini jua! Mwaka wa 2023 joto la Phoenix lilifika nyuzi 43 za Selsiasi na kupita, siku 31 mfululizo. Mimi nilikwenda Juni, saa nne asubuhi, na chupa moja ya nusu lita. Ujuha gani huo? Nusu saa baadaye mate yalikuwa yamekauka na magoti yakitetemeka. Mama mmoja aliyekuwa akiteremka alinipa maji yake, akanikaripia kama mwanawe: maji yakifika nusu, geuka urudi, hata kama kilele ukiona.

Basi nenda kati ya Novemba na Machi, alfajiri. Beba maji, kofia na chanuo. Chanuo si la nywele: upo mdungusi mwingine, cholla, ambao vipande vyake hukunasa ukiugusa tu, na ukivitoa kwa vidole, vidole navyo hunaswa.