Fumbo na Mnong'ono

Adhuhuri moja katika soko la Kakamega, kabla mvua ya alasiri haijashuka, ajuza mmoja muuza mboga alitaka kutuma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanzishwa nchini mwaka 2007. Macho yake yalikuwa yamefifia. Akampa mjukuu wake simu, kisha akaitaja nambari yake ya siri kwa sauti ileile anayonadia sukuma wiki. Majirani wakageuka.

"Kukhu," mjukuu akamsihi, "ninong'oneze sikioni."

Wahenga walinena: fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Ujumbe wa simu husafiri kwa mawimbi yanayoweza kunaswa na yeyote mwenye antena. Ndiyo maana hufumbwa kwa ufunguo. Lakini mafumbo huzeeka. Mwaka 2009, Mjerumani Karsten Nohl alionyesha namna ya kuligangua A5/1, fumbo la simu za GSM lililobuniwa miaka ya 1980.

Je, siri hailindwi ila kwa fumbo? Mwaka 1975, Mmarekani Aaron Wyner alithibitisha kihisabati kwamba mdukizi akisikia vibaya kuliko msikilizaji halali, siri yaweza kupita salama bila ufunguo. Huo ndio mnong'ono: kinga yake ni ukaribu wa sikio na kelele za soko.

Elimu hii inavifaa hasa vyombo vidogo mno, ambavyo nguvu zao hazitoshi kufumba mafumbo mazito. Mwaka 2010, Josep Jornet na Ian Akyildiz walieleza antena ya grafini yenye urefu wa takriban sehemu moja ya elfu ya milimita. Mawimbi yake ya terahezi hufifia upesi, na mvuke wa maji hewani huyameza. Katika unyevu wa Kakamega yasingefika mbali, na udhaifu huo ungekuwa ngao.

Hata hivyo, mnong'ono nao hudukizwa. Mwaka 2018, watafiti walionyesha katika jarida la Nature kwamba kitu kidogo kikiwekwa katika njia ya mwali wa terahezi huweza kumrushia mdukizi sehemu yake.

Ajuza alinong'ona, pesa zikaenda. Lakini lililokwisha kusikika sokoni halikuweza kurudi kinywani. Jioni, mjukuu alimfundisha kupapasa kidoti kilichoinuka kwenye kitufe cha 5, azihesabu tarakimu nyingine kutoka hapo. Kisha akageuza uso, naye ajuza akabadilisha nambari yake, kimya.